Mada ya 9: Deni Linalosalia na Sifa ya Mkopaji

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mwanafunzi utaweza:
(a) kueleza maana ya salio la deni, marejesho na sifa ya mkopaji;
(b) kutofautisha deni lililo ndani ya muda na deni lililochelewa;
(c) kukokotoa riba ya mkopo kwa salio linalopungua;
(d) kueleza namna salio la deni linavyoathiri nafasi ya mtu kupata mkopo mwingine.

9.1 Kisa cha kuanzia

Mzazi mmoja wa shuleni kwetu ni fundi cherehani mwenye kibanda Tandika, wilayani Temeke. Aliomba mkopo wa shilingi 1,500,000 ili aongeze cherehani kabla ya Januari, mwezi ambao wazazi hushonesha sare. Biashara yake ilikuwa inaenda vizuri na wadhamini alikuwa nao. Hata hivyo, alikataliwa. Aliambiwa kwamba jina lake lina deni lisilolipwa.

Deni lenyewe lilikuwa shilingi 18,000. Alilikopa kwa simu miaka miwili nyuma, kisha laini ikapotea akanunua nyingine. Alidhani kwamba laini ikipotea, na deni limepotea. Alilipa siku ile ile, lakini taarifa zake zilipokuja kurekebishwa, Januari ilikuwa imeshapita na wateja walikwenda kushona kwingine.

Jiulize: kwa nini shilingi 18,000 zilizuia shilingi 1,500,000? Mada hii inajibu swali hilo.

9.2 Maana ya maneno muhimu

*Marejesho:* fedha ambazo mkopaji hulipa kila wiki au kila mwezi kurudisha mkopo pamoja na riba.

*Salio la deni:* kiasi cha mkopo ambacho bado hakijalipwa.

*Mkopo chechefu:* mkopo ambao marejesho yake yamechelewa kwa zaidi ya siku 90.

*Sifa ya mkopaji:* picha anayoipata mkopeshaji kuhusu uaminifu wa mtu katika kulipa, kutokana na kumbukumbu za madeni yake ya nyuma na ya sasa. Picha hiyo ikiwekwa katika tarakimu huitwa alama za mkopaji.

*Kadi ya mkopo:* kadi inayomruhusu mtu kutumia fedha za benki hadi kikomo fulani, kisha azilipe baadaye. Usiichanganye na kadi ya kutolea fedha kwenye ATM. Kadi nyingi walizonazo Watanzania ni za ATM, na fedha zinazotoka humo ni za mwenye kadi mwenyewe.

9.3 Nani hutunza taarifa za wakopaji Tanzania?

Msingi wa mfumo huu ni Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania ya mwaka 2006. Mwaka 2012 zilitungwa kanuni zilizoanzisha kanzidata ya taarifa za wakopaji iliyo chini ya Benki Kuu, na kuruhusu kampuni binafsi zenye leseni kuchakata taarifa hizo. Kampuni za kwanza kupata leseni ni Creditinfo Tanzania na Dun & Bradstreet Credit Bureau Tanzania.

Mfumo hufanya kazi kwa hatua tatu:

1. Mkopeshaji hupeleka taarifa: nani amekopa, kiasi gani, salio ni kiasi gani, na kama analipa kwa wakati.
2. Taarifa za wakopeshaji mbalimbali hukusanywa pamoja na kutengeneza ripoti ya mkopaji.
3. Mtu anapoomba mkopo mpya, mkopeshaji huangalia ripoti hiyo kabla ya kuamua.

Kwa hiyo deni la sehemu moja huweza kuonekana sehemu nyingine. Fundi wetu alikopa kwa simu, lakini aliyeliona deni ni mkopeshaji mwingine kabisa.

Mkopaji naye ana haki zake. Anaweza kuomba kuona taarifa zake na kudai zirekebishwe zikiwa na makosa.

9.4 Je, kubakiza deni kunajenga sifa?

Wapo watu wanaoamini kwamba mkopo ukilipwa wote haraka jina "hupoa", hivyo ni vizuri kubakiza deni kidogo ili mkopeshaji asikusahau. Imani hii si sahihi. Kinachojenga sifa ni kukopa na kurejesha kwa wakati. Mkopo uliolipwa ukaisha hubaki katika kumbukumbu kama ushahidi mzuri. Salio unalolibakiza kwa makusudi linakuongezea riba tu.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hukosea. Huandika kwamba "mwenye deni ana sifa mbaya". Tofautisha hali hizi tatu:

- *Amemaliza deni kwa wakati:* sifa nzuri, na uwezo wake wa kukopa tena ni mkubwa.
- *Ana salio, lakini marejesho yanakwenda kwa wakati:* sifa yake si mbaya. Ila mkopeshaji atapunguza kiasi cha mkopo mpya, kwa kuwa sehemu ya kipato chake tayari ina mwenyewe.
- *Ana salio lililochelewa:* sifa inashuka. Likivuka siku 90 linakuwa mkopo chechefu, na hapo hata kiasi kidogo kinaweza kumkwamisha.

Marekani, ambako kadi za mkopo ni nyingi, alama zinazotumika sana za FICO huonyesha jambo hilo hilo. Historia ya malipo huchukua asilimia 35 ya alama, na kiasi kinachodaiwa asilimia 30. Katika kiasi kinachodaiwa huangaliwa sana uwiano wa salio na kikomo cha kadi. Mtu mwenye kikomo cha dola 1,000 na salio la dola 800 ametumia asilimia 80, na alama zake hushuka hata kama hajachelewa kulipa, kwa sababu anaonekana kuelemewa. Akilipa salio, uwiano hupungua.

9.5 Mfano wa hesabu

Kwa mujibu wa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, watoa huduma wamegawanywa katika madaraja manne. Daraja la pili ni la wakopeshaji wasiopokea amana, wakiwemo wakopeshaji binafsi na kampuni za mikopo. Benki Kuu imewawekea kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi.

*Swali:* Fundi A na Fundi B kila mmoja amekopa shilingi 300,000 kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, inayotozwa kwenye salio. Fundi A anapunguza mkopo kwa shilingi 100,000 kila mwezi na Fundi B kwa shilingi 20,000. Linganisha riba watakazolipa.

*Njia, Fundi A:*
Mwezi wa 1: 300,000 × 3.5% = 10,500
Mwezi wa 2: 200,000 × 3.5% = 7,000
Mwezi wa 3: 100,000 × 3.5% = 3,500
Jumla ya riba = shilingi 21,000. Deni limekwisha.

*Njia, Fundi B, miezi 6 ya kwanza:*
10,500 + 9,800 + 9,100 + 8,400 + 7,700 + 7,000 = shilingi 52,500.
Salio bado ni 300,000 − (20,000 × 6) = shilingi 180,000.

*Hitimisho:* Fundi B ameshalipa riba mara mbili na nusu ya Fundi A, na bado anadaiwa zaidi ya nusu ya mkopo. Kama mkataba wake unaruhusu marejesho hayo, hajachelewa. Lakini akihitaji mkopo wa cherehani leo, Fundi A yuko mbele yake.

9.6 Mambo ya kuzingatia mtaani

1. *Soma masharti kabla ya kubonyeza "kubali".* Huduma kama M-Pawa, iliyoanza mwaka 2014, zimerahisisha kukopa kwa simu. Wepesi wa kukopa haufuti wajibu wa kulipa.
2. *Usisajili laini kwa ajili ya mtu mwingine.* Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Akikopa yeye, deni litasoma jina lako.
3. *Hakikisha mkopeshaji ana leseni.* Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila kibali. Mikopo ya "kausha damu" inayozunguka mitaa ya Mbagala na Tandale humchosha mkopaji kwa riba, na ukilipa vizuri kwa asiye na leseni huenda usijengewe kumbukumbu yoyote.
4. *Usikope huku ili ulipe kule.* Salio halipungui, linahama tu.
5. *Ukishindwa, mwone mkopeshaji mapema* mpange upya marejesho kabla siku hazijafika 90.
6. *Ukimaliza deni, dai uthibitisho wa maandishi* na uutunze.

Mambo haya yanakuhusu wewe pia. Ukipata mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi hadi deni liishe. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa.

9.7 Zoezi

1. Taja tofauti moja kati ya kadi ya mkopo na kadi ya ATM. (Alama 2)
2. Mama lishe wa Mwananyamala amekopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi kwenye salio. Anapunguza mkopo kwa shilingi 50,000 kila mwezi. Kokotoa jumla ya riba. (Alama 4)
3. "Mwenye deni hana sifa ya kukopa." Jadili kauli hii kwa hoja mbili. (Alama 4)

Majibu ya kuongozea

1. Kadi ya mkopo hutumia fedha za benki zinazolipwa baadaye. Kadi ya ATM hutumia fedha zilizomo katika akaunti ya mwenye kadi.
2. 6,000 + 4,500 + 3,000 + 1,500 = shilingi 15,000.
3. Kauli si sahihi moja kwa moja. Kwanza, anayelipa kwa wakati hujenga sifa nzuri hata akiwa bado na salio. Pili, salio kubwa hupunguza kiasi anachoweza kukopeshwa, na salio lililochelewa ndilo linaloshusha sifa. Mtahini atatoa alama kamili kwa mwanafunzi aliyetofautisha salio na uchelewaji.