MWALIMU ALIYERUDI DARASANI
Funzo la Mwili, Dawa na Ulimi

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, funzo letu la leo limetokana na jambo lililotukia miongoni mwetu hapa Ndara. Mwalimu mmoja, mama mwenye heshima zake, alikuwa na unene uliokwisha kuwa maradhi. Magoti yalimuuma, sukari na shindikizo la damu vilimwandama, na kusimama vipindi viwili mfululizo kukamshinda. Baada ya miaka ya dawa na kujinyima, alikwenda Nairobi akapasuliwa mfuko wa chakula, akapumzika, kisha akarudi kufundisha.

Siku aliyorudi alikuta maneno yamemtangulia. Wengine walisema kwamba ameingiwa na maradhi yasiyotajwa, ndiyo maana amekonda. Wengine walisema kwamba amegeuza umbo aliloumbwa nalo. Na wengine walisema kwamba aliyeshindwa kuuzuia mkono wake amekwenda kununua subira kwa kisu. Akaniletea masuala yake, na akanipa idhini niyajibu hapa bila ya kumtaja jina.

Lakini kabla sijajibu, haki ni kuanza na nafsi yangu. Katika darsa moja nilipokuwa nikisomesha adabu za kula, nilisema kwa mzaha kwamba tumbo kubwa ni shahada ya ulafi. Watu wakacheka. Mama huyu alikuwapo, nyuma ya pazia. Tangu siku ile hakuja tena, wala mimi sikuuliza kwa nini. Nimemwomba radhi naye amenisamehe. Walakini kosa lililotendwa mbele ya watu lapasa kusahihishwa mbele ya watu. Basi funzo hili ni la kwangu kwanza, kisha ni la wenzangu.

MAS-ALA YA KWANZA: Je, killa mnene ni mlafi?

Israfu ya chakula imekatazwa, na hilo halina shaka. Katika Surat al-A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kula na kunywa na tukakatazwa kupita kiasi. Na katika hadithi ya Miqdam bin Maadikarib, aliyoipokea Tirmidhi, Mtume (S.A.W.) ametufunza kwamba mwanadamu hajazi chombo kiovu zaidi kuliko tumbo lake, na ikiwa hana budi, basi theluthi iwe ya chakula, theluthi ya maji, na theluthi ya pumzi.

Lakini kukatazwa israfu ni jambo moja, na kumhukumu mtu kwa umbo lake ni jambo jingine. Unene una sababu nyingi: urithi wa wazazi, maradhi ya tezi, baadhi ya dawa, kukosa usingizi, kazi ya kukaa, na vyakula vya mafuta na sukari vilivyo rahisi kupatikana kuliko mboga na samaki. Tena wataalamu wamethibitisha kwamba mtu anapopungua, mwili wenyewe humpinga: njaa huzidi, na nguvu zinazotumiwa na mwili hupungua, mpaka uzito hurudi. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba yapata watu wazima 27 katika killa 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Na katika mwaka 2022, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, watu waliokuwa na unene wa maradhi walizidi milioni elfu moja. Je, tutasema hao wote ni walafi? Na mbona tunawajua wembamba wanaokula sahani tatu?

Tutazame mwendo wa Mtume wetu (S.A.W.). Bibi Sauda, mkewe, alikuwa mzito wa mwili na mzito wa mwendo. Katika Hija, usiku wa Muzdalifa, aliomba ruhusa atangulie kabla ya msongamano wa watu, naye akaruhusiwa. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Hakuulizwa amekula nini, wala hakupewa waadhi wa theluthi tatu. Alikuwa na haja, akasahilishiwa.

MAS-ALA YA PILI: Je, upasuaji huu ni kugeuza maumbile?

Kwanza tujue ni kitu gani, kwani hukumu ya jambo hufuata kulifahamu. Upasuaji huu una namna kadha, na mbili ndizo mashuhuri. Katika ya kwanza, sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, yapata robo tatu au zaidi, hukatwa na kutolewa, ukabaki mfuko mwembamba mfano wa ndizi. Pamoja na kupungua nafasi, hupungua pia sehemu inayotoa kichocheo cha njaa. Katika ya pili hufanywa kifuko kidogo juu, kikaunganishwa na utumbo mdogo mbele, hatta chakula kikapita njia ya mkato.

Wala hafanyiwi killa atakaye. Matabibu hugawanya kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Kwa kanuni iliyowekwa Marekani mwaka 1991, aliyefika 40, au aliyefika 35 naye ana maradhi kama sukari, ndiye aliyestahili kufikiriwa. Na mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji zililegeza, zikasema 35 yatosha. Mtu wa urefu wa mita 1.60, basi, hufika 40 akiwa na kilo zipatazo 102.

Ama hukumu yake: Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanywa Putrajaya, Malaysia, mwaka 2007, lilipitisha kwamba kupunguza uzito kwa njia za kitaalamu, na upasuaji ukiwamo, kwajuzu ikiwa uzito umekuwa maradhi, na ikiwa hapana njia nyingine, kwa sharti ya kusalimika na madhara. Na asili yake katika Sunna iko wazi. Mtume (S.A.W.) alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu, akamkata mshipa kisha akamchoma, kama alivyopokea Muslim. Na Arfaja, aliyekatwa pua vitani, aliamrishwa kutia pua ya dhahabu baada ya ile ya fedha kumuoza. Kilicholaaniwa ni kuchezea umbo kwa ajili ya pambo na udanganyifu. Kuondoa madhara ni tiba, na tiba tumeamrishwa.

Na wale wasemao kwamba amenunua subira kwa kisu, hawajui wasemalo. Kisu hakikuondoa mtihani. Kimempa silaha tu. Mwenye kupasuliwa hulazimika kufuata masharti umri wake wote, na asipoyafuata uzito waweza kurudi.

MAS-ALA YA TATU: Arudi lini kazini, na kwa adabu gani?

Hapa pana amana mbili zinazokutana. Kazi ni amana, maana watoto wanangoja na mshahara unalipwa. Na mwili ni amana, maana Mtume (S.A.W.) alimfunza Abdalla bin Amr kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Asiyekuwa mgonjwa akanunua cheti cha uwongo ili akae nyumbani, amekula haramu. Na mgonjwa anayerudi kabla ya kupona kwa kuogopa maneno ya watu, amejidhulumu. Kanuni ni cheti cha kweli cha tabibu. Kwa upasuaji wa matundu madogo, wengi huweza kurudi kwenye kazi nyepesi baina ya wiki mbili na nne. Lakini kunyanyua vitu vizito huzuiliwa muda zaidi, aghalabu hatta wiki sita. Basi mwalimu aliyerudi asibebeshwe marobota ya vitabu wala madawati, na mwenye kusimamia shule ampe kiti. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo imemthibitishia mfanyakazi haki ya likizo ya ugonjwa.

Mambo haya matano yamfaa kuyashika:

Kwanza, maji. Mfuko umekuwa mdogo, hauwezi kupokea bilauri nzima kwa mara moja. Na joto la Voi tunalijua. Awe na chupa mezani, anywe fundo baada ya fundo mchana kutwa, hatta atimize yapata lita moja na nusu au zaidi. Walakini asinywe pamoja na chakula. Mwalimu mkuu asimwone ana utovu wa adabu kwa kunywa mbele ya wanafunzi.

Pili, chai ya saa nne. Chai ya sukari nyingi na mandazi huweza kumshukia upesi utumboni, khasa aliyefanyiwa njia ya mkato; moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, na tumbo likamsokota. Yai, maharagwe yaliyoiva sana au mtindi usio sukari ni bora kwake, akisha kuruhusiwa vyakula vya kutafuna. Ale kidogo, atafune sana, asikimbizane na kengele.

Tatu, dawa. Vitamini na madini, kama chuma, chokaa na vitamini B12, huhitajiwa maisha yote, pamoja na kupimwa damu. Dawa za sukari na shindikizo zipimwe upya na tabibu, maana kipimo cha jana chaweza kumwangusha leo. Na vidonge vya maumivu kama ibuprofen asivimeze bila ya kuuliza, kwa kuwa huweza kuleta vidonda tumboni.

Nne, dalili za khatari. Homa, moyo kwenda mbio, maumivu makali ya tumbo, kutapika kusikokoma, pumzi kubana, au mguu mmoja kuvimba: hayo si ya kungojea mwisho wa kipindi, wala si ya kuandikiwa kombe nyumbani. Ni ya kukimbilia hospitali saa ile ile.

Tano, ibada. Akishindwa kusujudu kwa jeraha, asali kwa kukaa na kuashiria, kama alivyofunzwa Imran bin Husayn alipokuwa mgonjwa. Ama saumu, mwenye kukatazwa na tabibu mjuzi katika miezi ya mwanzo ana ruhusa ya aya ya 184 na ya 185 za Suratul Baqara. Atalipa akiweza, na asiyetarajiwa kuweza tena atatoa fidia. Wala asitokee mtu wa kumwambia kwamba imani yake ni dhaifu. Abu Daud amepokea khabari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini, wenziwe wakamwambia kwamba hana ruhusa ya kutayamamu, akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliwahukumu hao kwamba wao ndio waliomuua, akabainisha kwamba dawa ya ujinga ni kuuliza.

MAS-ALA YA NNE: Je, ni lazima awaeleze watu?

Si lazima. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Akiulizwa, yamtosha kusema kwamba alikuwa mgonjwa, akatibiwa, na amshukuru Mungu. Hilo ni kweli wala si uwongo. Akitaka kueleza ili wenziwe wafaidike, ana ujira wake. Lakini asibuni kwamba amepungua kwa majani fulani au kwa kukimbia, kwani mgonjwa mwenziwe ataufuata uwongo huo akaumia.

Ama sisi tuliobaki, wajibu wetu ni mzito kuliko wake. Katika Suratul Hujurat, aya ya 11 na ya 12, tumekatazwa dharau, majina mabaya, dhana, upelelezi na kusengenya. Aliyesema kwamba mama huyu ana maradhi yasiyotajwa amekusanya makosa hayo karibu yote kwa neno moja. Bibi Aisha aliposema neno moja tu juu ya ufupi wa Bibi Safiyya, aliambiwa kwamba neno lile lau lingechanganywa na bahari lingeibadili. Na Sahaba walipoicheka miguu myembamba ya Ibn Masud, Mtume (S.A.W.) aliwaambia kwamba katika mizani ni mizito kuliko mlima wa Uhud. Basi ona, ndugu yangu: mnene huchekwa kwa unene, akikonda husengenywa kwa wembamba. Aibu haiko katika mwili wake. Iko katika ndimi zetu.

Na wazazi wawafunze watoto. Mwanafunzi anayemtungia mwalimu wake jina la mzaha amelisikia nyumbani. Na katika karamu zetu, mgeni akisema kwamba ameshiba kwa matonge matatu, tumwamini. Kumlazimisha kula si ukarimu bali ni udhia, na kwa mtu kama huyu ni madhara.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kuna tafauti gani baina ya kukataza israfu na kumhukumu mtu kwa umbo lake?
2. Taja masharti yaliyowekwa na Baraza la Fiqhi mwaka 2007.
3. Kwa nini haifai kutoa fatwa ya saumu kwa mgonjwa bila ya kumsikiliza tabibu?
4. Ni neno gani ulilolisema juu ya mwili wa mtu, na bado hujamwomba radhi?

Suala la nne silitaki jawabu yake kwenye karatasi. Mlipeleke kwa wenyewe.

Mwalimu wetu sasa yuko darasani, na Alhamisi iliyopita nimemwona tena darsani, nyuma ya pazia pale pale. Mwenyezi Mungu amtimizie afya yake, na atusamehe sisi yaliyotoka vinywani mwetu. Wabillahi tawfiq.