Kigugumizi: Mtoto Hajaambukizwa, na Mama Hana Kosa

Mtoto wa Gotu huanza kuongea Kiborana au Kiturkana nyumbani, kisha shuleni anakutana na Kiswahili na Kiingereza. Akianza kukwama kwenye neno, "ma-ma-maji", lawama hazichelewi: lugha nyingi zimemchanganya, mama alimtisha, ama amemwiga mwenzake. Utafiti wa kisayansi hauungi mkono hata moja ya lawama hizo.

Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5. Takriban watoto 5 kati ya 100 hukipitia na wengi wao hupona; kwa watu wazima ni kama mtu 1 kati ya 100, wengi wakiwa wanaume.

Mfugaji hahitaji kufundishwa kwamba ndama hufuata ukoo. Kigugumizi nacho hufuata ukoo. Mwaka 2010, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Dennis Drayna walitangaza kuwa wamepata hitilafu za jeni zinazohusiana na kigugumizi, baada ya kuchunguza familia za Pakistan. Mwaka 2015 jeni nyingine ilitambuliwa kupitia ukoo mmoja mkubwa wa Cameroon. Picha za ubongo nazo zimeonyesha tofauti katika njia zinazounganisha sehemu ya kupanga maneno na ile inayoendesha ulimi na midomo. Akili ya mtoto iko sawa. Anajua anachotaka kusema.

Zamani wataalamu wenyewe waliwalaumu wazazi. Wendell Johnson wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, ambaye pia alikuwa na kigugumizi, aliamini kwamba mtoto hupata tatizo hilo kwa kukosolewa anapoongea. Mwaka 1939 mwanafunzi wake alikwenda katika makao ya watoto yatima na kuwaambia baadhi ya watoto waliozungumza vizuri kwamba usemi wao una kasoro. Hawakupata kigugumizi. Ila walianza kunyamaza, wakaogopa kuongea hata darasani. Chuo kiliomba radhi mwaka 2001, miaka 62 baadaye.

Kwa hiyo kukosoa na kucheka hakuleti kigugumizi, lakini humfunga mtoto mdomo. Walimu wanaowasimamisha wanafunzi kusoma kwa sauti mbele ya darasa wakumbuke hilo. Mtoto akikwama, asimaliziwe neno wala kuambiwa "ongea haraka". Asubiriwe, atazamwe usoni, ajibiwe alichosema.

Mzazi asingoje mtoto aanze darasa la kwanza iwapo hali imedumu zaidi ya miezi 6, kuna mtu mzima mwenye kigugumizi katika ukoo, au mtoto ameanza kukwepa kuongea. Aanzie zahanati iliyo karibu, akiwa na kijitabu cha kliniki cha mtoto, na aombe kuelekezwa kwa mtaalamu wa matamshi. Wazazi pia wanaweza kuuliza shuleni kuhusu kituo cha EARC, ambapo Wizara ya Elimu hutathmini watoto wenye mahitaji maalum.