Kamisheni si kibali cha dhulma

Leo napenda tuzungumzie dhulma moja ambayo imezoeleka mno mijini, kiasi kwamba anayefanyiwa huona aibu kuisema na anayeifanya huiita ujanja wa biashara. Nayo ni ile wanayofanyiwa vijana wanaouza matangazo ya redio, magazeti, mabango na, siku hizi, ya mitandaoni.

Tangu Sheria ya Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua mlango wa redio na televisheni za binafsi, vyombo vya habari vimeongezeka nchini. Msikilizaji hailipii redio. Redio inaishi kwa matangazo. Na matangazo hayaji yenyewe. Yupo kijana anayeteremka asubuhi kutoka kwenye mawe ya Igogo, akashika Barabara ya Kenyatta, akapita Rwagasore na Makoroboi duka kwa duka, akimbembeleza mwenye duka atoe pesa jina lake lisikike. Huyu ndiye analeta riziki ya ofisi nzima, lakini mara nyingi ndiye pekee asiye na mkataba.

Hapa Igogo ninapoishi, vijana wa kazi hii huja kuuliza baada ya swala, na visa vyao vinafanana. Kijana huambiwa yuko kwenye majaribio, atalipwa kamisheni tu. Anatakiwa aripoti saa 2 asubuhi, avae sare, apige simu kila anapofika na afikishe malengo ya mwezi. Akichelewa anakemewa kama mwajiriwa. Akiumwa au akidai nauli anaambiwa yeye si mwajiriwa, ni wakala. Akileta wateja wakubwa, ghafla malengo yanapandishwa, anashindwa kuyafikia, anaambiwa asirudi kesho. Wateja wake wanakabidhiwa mtu wa bosi.

Mmoja wao aliuza matangazo ya shilingi 4,000,000 kwa makubaliano ya mdomo ya kamisheni ya asilimia 10. Wateja walikuwa walipe baada ya miezi miwili. Kabla ya miezi hiyo kuisha akaondolewa. Alipodai shilingi 400,000 zake akajibiwa kwamba kamisheni ni ya waliopo kazini. Tangazo aliloliuza liliendelea kusikika, na fedha ziliingia. Je, jasho la nani lilileta fedha hizo?

Tuanze na dini yetu inasemaje. Wanachuoni wa fiqh wametofautisha mikataba miwili. Upo ijara, yaani kumwajiri mtu kwa kazi na ujira unaojulikana. Na upo ju'ala, yaani kuahidi zawadi maalumu kwa atakayeleta jambo fulani. Dalili inayotajwa kwa ju'ala ni aya ya 72 ya Surat Yusuf, ambapo aliyeleta pishi ya mfalme aliahidiwa shehena ya ngamia. Kamisheni ina asili ya namna hii, na Imam Bukhari ametaja katika Sahihi yake wanachuoni wa mwanzo, akiwemo Ibn Sirin na Ataa, ambao hawakuona ubaya katika ujira wa dalali. Kwa hiyo kamisheni yenyewe si haramu.

Lakini angalia masharti. Malipo yawe yanajulikana tangu mwanzo. Aliyeleta kilichotakiwa amekwisha stahiki malipo yake. Na katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, mwenye kuahidi akivunja ahadi wakati kazi imekwisha anza, anadaiwa ujira wa mfano wa kazi hiyo. Sasa yule kijana alikwisha leta pishi. Kumwambia hana shehena kwa sababu amefukuzwa ni kula mali yake kwa batili. Katika hadithi qudsi iliyopokewa na Bukhari, mmoja wa watu watatu ambao Allah (SW) mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemwajiri mtu, akatimiziwa kazi, kisha akamnyima ujira. Hili si jambo la kuchezea.

Tukija kwenye sheria ya nchi, wengi hawajui kwamba jina la "wakala" halimalizi hoja. Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004 inaangalia hali halisi. Mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata moja kati ya mambo kama haya: namna anavyofanya kazi au saa zake zinasimamiwa na mwingine; yeye ni sehemu ya taasisi hiyo; amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita; anamtegemea kiuchumi; anapewa vitendea kazi; au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Mpime kijana wetu kwa mizani hii.

Na hili si la Tanzania peke yake. Februari 2021 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kuwa madereva wa Uber waliofungua kesi walikuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini cha mshahara na likizo ya malipo, ingawa makaratasi ya kampuni yaliwaita watu waliojiajiri. Mahakama ilitazama nani anapanga bei na nani anamwadhibu mwenzake.

Akishakuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inamlinda. Mwajiri anayemwachisha kazi anatakiwa awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki, na mzigo wa kuthibitisha uko juu yake. Ubaguzi wa dini nao umekatazwa, kwa hiyo dada anayeambiwa avue hijabu ndipo apewe wateja ana haki ya kuhoji. Ni kweli kwamba kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimgusi aliyefanya kazi chini ya miezi 6, na wapo wanaofukuza mwezi wa tano kwa makusudi. Lakini hata huyo ana haki ya notisi na ya malipo ya kazi aliyokwisha ifanya.

Waajiri, wakiwemo Waislamu wenzetu, husema: "Nikimlipa mshahara asiyeuza, nitafunga ofisi." Hoja hii ina uzito, na hakuna anayewalazimisha kufilisika. Anayetaka wakala wa kweli na amchukue, ila amwachie uhuru wa wakala: apange saa zake, auzie na wengine, na asilimia yake iandikwe. Anayetaka kumwamrisha mtu kuanzia asubuhi hadi jioni amlipe kama mwajiriwa. Kutaka utii wa mwajiriwa kwa gharama ya wakala ndiko kupunja mizani, na Surat al-Mutaffifin imewaonya wanaojipimia kamili na kuwapunja wengine.

Kwa vijana, nawausia haya. Kwanza, kabla ya kuanza, uliza asilimia ni ngapi, inalipwa lini, na itakuwaje mteja akilipa baada ya wewe kuondoka. Pili, jibu liwe kwenye maandishi, hata ujumbe wa simu; aya ya 282 ya Surat al-Baqarah, iliyo ndefu kuliko zote, imetufundisha kuandika madeni. Tatu, weka daftari lako mwenyewe la wateja, tarehe na kiasi, na nakala ya kila oda. Nne, chama cha wafanyakazi kama TUICO si cha wenye viwanda tu, ulizia. Tano, ukiachishwa usikae nyumbani ukisubiri huruma. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ina ofisi hapa Mwanza, na kanuni za mwaka 2007 zimetoa siku 30 kupeleka mgogoro wa kuachishwa kazi na siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza haki kwa sababu waliambiwa "njoo mwezi ujao" mara tatu, na siku zikapita.

Na ninyi wenye maduka mnaotoa matangazo, mnayo nafasi yenu. Siku ya kulipa, muulizeni mpokeaji: yule kijana aliyenileta kwenu amepata chake? Swali hilo halina gharama, na linaweza kurudisha haki ya mtu.

Wabillahi tawfiq.