Mbio Ndefu za Mwisho: Wiki Mbili Kabla ya Great North Run



Somo la toleo hili ni la miguu. Kila mwaka wapo wenzetu wanaojiandikisha Great North Run, zile mbio za nusu marathoni zinazoanzia Newcastle na kuishia South Shields, kilomita 21 na mita 97. Zilianza mwaka 1981 na kwa kawaida hukimbiwa Jumapili moja ya Septemba. Wengi wetu tunakimbia kwa kuchangisha: huyu kwa ajili ya zahanati ya kijijini kwao, yule kwa ajili ya madawati. Ukishachukua pauni za watu, kuishia njiani huku unachechemea ni aibu, na madawati yenyewe yanakuwa mashakani.

Kuna na lile neno tunalolisikia kila siku hapa chuoni: "Wewe si ni wa Afrika Mashariki? Basi kukimbia kwako ni kama kunywa maji!" Ni kweli Benson Masya wa Kenya, aliyekuwa bondia kabla ya kuwa mkimbiaji, alishinda mbio hizi mara nne, na mwaka 1992 alizishinda zikiwa ndizo mashindano ya kwanza ya dunia ya nusu marathoni. Ni kweli pia kwamba Fabiano Joseph wa Tanzania alitwaa ubingwa huo wa dunia kule Edmonton, Kanada, mwaka 2005. Lakini jamani, wale walikuwa wanaamka alfajiri kufanya mazoezi. Wewe umekaa maktaba miezi minane unakula chipsi. Pasipoti haikimbii.

Sasa tuje kwenye mada. Katika mazoezi yote, siku inayoharibu watu wengi ni ile ya mbio ndefu za mwisho. Mtu amefanya mazoezi vizuri tangu Juni, halafu imebaki wiki moja, wasiwasi unamwingia: "Hivi kweli 21 nitazimaliza?" Basi anatoka Jumapili hiyo, anakimbia kilomita zote 21 kwa kasi yake yote ili ajihakikishie. Anamaliza, anafurahi, anawapigia simu nyumbani. Jumapili inayofuata anafika kwenye mstari akiwa na mapaja mazito kama magunia. Mashindano yake ameshayakimbia wiki iliyopita, peke yake, bila medali.

Sababu yake ni hii. Mazoezi hayakupi nguvu siku unapoyafanya. Siku hiyo yanakuchosha na kuchanachana nyuzi ndogo ndogo za misuli. Nguvu inakuja baadaye, mwili unapojikarabati, na kwa mbio ndefu kazi hiyo huchukua kama siku kumi hadi wiki mbili. Akiba ya wanga kwenye misuli hurudi upesi, siku moja au mbili za kula vizuri zinatosha. Misuli yenyewe ndiyo huchelewa. Kwa hiyo chochote kirefu na kigumu unachokifanya ndani ya siku saba za mwisho kinakupa uchovu wote, na faida yake inakuja ukiwa umeshavua namba kifuani. Ndiyo maana nashauri mbio hizo zifanyike wiki mbili kabla. Kwa Great North Run, hesabu hiyo mara nyingi inaangukia mwishoni mwa Agosti, karibu na ile wikiendi ya sikukuu ya benki. Kisingizio cha kazi hakipo.

Umbali gani? Hapa ndipo wengi wanabisha. Si lazima ufike 21. Chukua kalamu tufanye hesabu. Tuseme lengo lako ni kumaliza kwa saa mbili. Maana yake siku ya mashindano utakwenda dakika 5 na sekunde 41 kwa kila kilomita. Siku ya mazoezi nenda taratibu, dakika 6 na sekunde 40 kwa kilomita, mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako sentensi nzima bila kuhema. Kimbia kilomita 18. Zidisha: utapata dakika 120 kamili. Umeona? Miguu yako imekaa barabarani saa mbili zile zile za mashindano, moyo na viungo vimezoea muda huo, ila hukulipa gharama ya kasi wala ya kilomita tatu za mwisho. Kama lengo lako ni saa mbili na nusu, mwendo wa mashindano ni kama dakika 7 na sekunde 6. Basi mazoezi nenda dakika 8, na kilomita 17 zitakuchukua saa mbili na dakika 16. Inatosha kabisa.

Ukijisikia vizuri, kilomita mbili tatu za mwisho ongeza hadi mwendo wa mashindano. Ukijisikia vibaya, acha. Hakuna anayekuangalia.

Jambo la pili, ifanye siku hiyo kuwa kama mazoezi ya arusi: kila kitu kiwe kama kitakavyokuwa siku yenyewe. Sisi tumelelewa kukimbia alfajiri kukwepa jua. Lakini Great North Run huanza kwenye saa tano asubuhi, na ukiwa nyuma kabisa unaweza kusubiri zaidi kabla ya kuufikia mstari. Ukizoea kukimbia saa kumi na mbili na tumbo tupu, siku hiyo hutajua ule nini na lini. Kwa hiyo anza saa tano. Kula saa mbili: uji, mkate na asali, ndizi, chai. Usiku wake kula wali au viazi. Pilau la mafuta na maharage ya nazi yahamishie jioni baada ya mbio. Tumbo likichafuka katikati ya barabara si mchezo. Kama utatumia jeli za sukari, zijaribu leo. Maji kunywa ukihisi kiu. Kujaza lita na lita ni hatari, maana chumvi ya damu inashuka na watu huzimia kwa ajili hiyo. Na zile dawa za maumivu aina ya ibuprofen, usimeze kabla ya kukimbia, zinaelemea figo.

Vaa nguo zile zile. Fulana yetu ya jumuiya ni ya pamba na ina nembo kubwa kifuani. Ikilowa jasho inakwaruza chuchu hadi damu. Paka vaselini, au vaa kitu chepesi ndani. Dada mnaofunga hijabu, jaribuni kile kitambaa chepesi leo, pamoja na pini zake. Raba mpya usizifungulie boksi siku ya mashindano.

Njia ninayoipenda mimi ni hii. Anzia Haymarket, shuka Grey Street na Dean Street hadi Quayside, chini ya daraja la Tyne. Mteremko huo una kazi yake: mwishoni mwa Great North Run kuna mteremko mkali wa kushukia baharini, na misuli ya mapaja huumia zaidi kwenye kushuka kuliko kupanda. Ikishaonja mteremko mara moja, wiki kadhaa zinazofuata huumia kidogo zaidi. Kutoka Quayside fuata njia ya baiskeli inayokwenda mashariki ukingoni mwa mto, pitia Wallsend, ulipoishia ukuta wa Warumi, hadi North Shields na Tynemouth. Ukiendelea kidogo hadi Cullercoats utakuwa kwenye kilomita 18, pungufu au zaidi kidogo. Sehemu kubwa ni tambarare, kwa hiyo mahali popote palipoinuka kuelekea mwisho usipakwepe. Barabara ya John Reid siku ya mashindano inapanda polepole kwa muda mrefu, na pale ndipo watu huanza kutembea. Ukimaliza, panda Metro urudi. Beba koti kwenye kifuko. Upepo wa bahari ile haujali kwamba ni Agosti.

La mwisho ni la afya, na hapa sina utani. Mwaka 2005 wakimbiaji wanne walifariki katika mbio hizi hizi. Kama una homa, kikohozi cha kifuani au maumivu ya kifua, siku hiyo usikimbie, nenda kwa daktari. Wengi wetu Agosti tunatoka likizo nyumbani. Ukipata homa baada ya kurudi, hata miezi kadhaa baadaye, usiseme "ni mafua ya huku." Nenda hospitali siku hiyo hiyo, uwaambie wazi kwamba umetoka sehemu yenye malaria na uombe kupimwa damu. Ukikaa Uingereza miaka michache kinga uliyokua nayo inapungua, na malaria inakushika kama mgeni. Vilevile aliyerithi kinasaba cha selimundu, yaani sikoseli, kwa mzazi mmoja tu, anaruhusiwa kukimbia, lakini aanze taratibu, anywe maji, na asilazimishe mwili kwenye joto.

Baada ya hapo zimebaki wiki mbili. Punguza kilomita zako hadi kama nusu, ila kasi fupi fupi uendelee nayo ili miguu isilale. Jumapili ya katikati kimbia kilomita nane hadi kumi, rudi nyumbani ukiwa bado na hamu. Utajisikia mzito, utahisi goti linauma ambalo jana halikuwepo, utatamani kutoka tena uhakikishe. Hiyo ni kawaida. Kaa ndani, maliza ile insha.