Ongeza Kasi ya Prosesa Bila Kuikaanga

Una kompyuta ya mezani ya mwaka 2011 au 2012. Bado nzima, ila video ikianza kurenda unachemsha chai, unakunywa, na bado unasubiri. Usiitupe. Prosesa nyingi za miaka ile ziliachiwa nafasi ya kukimbia zaidi ya kasi ya kiwandani, na kuovakloki ndiko kuichukua nafasi hiyo. Kinachotubana Bagamoyo ni hewa. Mchana wa Februari kivulini ni nyuzi 32 hivi, na chumba cha bati kisicho na dari kinapita hapo. Kwa hiyo tunaanza na joto, kasi inafuata.

Kwanza ijue mashine yako. Kabla hujanunua chochote, fungua programu ya CPU-Z usome jina la prosesa. Kama ni Intel, tafuta herufi K mwishoni: i5-2500K, i7-2600K, i5-3570K. Bila K, kizidishio cha kasi kimefungwa. Kisha soma chipseti ya mazabodi. Kwa kizazi cha pili na cha tatu unataka P67, Z68 au Z77. Ukikuta H61, hata K haitakusaidia.

AMD FX zote ziko wazi, lakini zina moto. FX-8350 ni ya wati 125 na inataka kubaki chini ya nyuzi 60 hivi, wakati Intel inavumilia mbali zaidi. Kwa hali ya hewa yetu, mimi nisingeigusa FX-8350 mpaka iwe na hitisinki, yaani chuma cha kupozea, kubwa kweli.

Kama mashine yako ni Dell OptiPlex au HP Compaq ya ofisini, zile zinazojaa maduka ya kompyuta za mitumba, usipoteze jioni yako kutafuta mlango. BIOS yake haina sehemu ya kuovakloki. Weka SSD na ongeza RAM. Kwenye OptiPlex 7010 yenye i5-3470 unaweza kuchomeka i7-3770: soketi ni ileile, na inashughulikia kazi nane kwa mpigo pale i5 inaposhughulikia nne. Ukimaliza hapo, fanya usafi na ubadilishe pesti kama tunavyoeleza hapa chini. Nawe utaona tofauti.

Nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje kabla ya kuanza. Prosesa isiyotulia inaweza kuharibu faili wakati wa kulihifadhi, na hutajua mpaka siku unapolihitaji.

Sasa usafi. Chomoa waya wa umeme, toa kompyuta nje, fungua ubavu wa keisi. Vumbi la pwani lina unyevu na chumvi, kwa hiyo haliruki kwa kupuliziwa na mdomo. Toa feni juu ya hitisinki na utazame kati ya mapezi ya aluminiamu: mara nyingi utakuta tabaka la kijivu limeshikana kama sufi, limeziba njia yote ya hewa, ilhali kwa juu feni inaonekana safi. Lisugue kwa brashi laini ya rangi, kisha pulizia bloa. Zuia mapanga ya feni kwa kidole wakati unapuliza, yasizunguke kupita kiasi.

Tazama pia skrubu na milango ya waya nyuma ya keisi. Ukiona kutu, au ukungu wa kijani kwenye shaba, mashine inakula upepo wa bahari moja kwa moja. Ihamishe. Dirisha linalotazama pwani ni zuri kwako wewe, kwa mazabodi ni adui.

Pesti ya mwaka 2011, ile iliyo kati ya prosesa na hitisinki, imeshakauka. Kabla ya kung'oa hitisinki, iwashe kompyuta dakika kumi ili pesti ilainike, halafu zima na uchomoe umeme. Kwenye AMD, zungusha hitisinki taratibu kushoto na kulia ndipo uinyanyue. Ukiivuta juu kwa nguvu, prosesa inaweza kutoka nayo na kupinda miguu. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti isiyo na mafuta. Weka mpya katikati, kiasi cha punje moja ya choroko. Usipake kwa kisu, uzito wa hitisinki utaitandaza. Kaza skrubu kwa kukingama, kidogo kidogo kila upande.

Hitisinki ndogo ya Intel iliyokuja na prosesa haitoshi kwa kazi hii. Tafuta ya mnara yenye mabomba ya shaba na feni ya milimita 120, mfano wa Cooler Master Hyper 212. Ukilazimika kuendelea na ya kiwandani, hakikisha vile vibanio vinne vya plastiki vyote vimeingia na kulia. Kimoja kikining'inia, upande mmoja wa prosesa unabaki bila mguso. Na ukinunua mashine yenye mnara Dar, ilaze keisi kwa ubavu ndani ya gari mpaka Bagamoyo. Mtikisiko wa njiani ukikutana na uzito ule unaolala hewani, mazabodi ndiyo inayoumia.

Panga njia ya hewa: feni ya mbele iingize, ya nyuma itoe. Acha angalau shibiri moja kati ya mgongo wa keisi na ukuta. Inyanyue kutoka sakafuni, mchanga usiingie. Usiifungie kwenye kabati. Ukiwa na nafasi ya kuchagua chumba, chagua chenye kuta nene. Zile nyumba za mawe za Mji Mkongwe hapa Bagamoyo hukawia kupata joto mchana, na nyuzi mbili tatu zinazopungua chumbani zinapungua pia kwenye prosesa.

Umeme nao uuwekee ulinzi. Prosesa iliyoovaklokiwa inavumilia kidogo kuliko hapo awali pale volti zinapoyumba. Weka UPS. Umeme ukikatika, zima kwenye soketi. Ukirudi, subiri dakika chache utulie ndipo uwashe. Pawasaplai iliyochoka, yenye kulia au kunuka, ibadilishe kabla hujaongeza kasi hata kidogo.

Hapa ndipo penye siri ya kazi nzima. Nunua kipimajoto cha ukutani, kiweke karibu na kompyuta. Fungua HWiNFO inayosoma joto na volti, endesha Prime95 inayoipa prosesa mzigo mzito kwa dakika kumi na tano, andika joto la prosesa na joto la chumba, pamoja na volti za prosesa. Toa la pili kwenye la kwanza. Tofauti hiyo ndiyo ya kushika, kwa sababu haibadiliki sana: chumba kikipanda nyuzi moja, prosesa nayo inapanda karibu nyuzi moja.

Chukua mfano. Jioni ya Julai, kusi inapuliza, chumba kina nyuzi 25 na prosesa inasoma 72. Unafurahi. Tofauti ni 47. Ikifika Februari, chumba kikiwa na 34, prosesa ileile kwa kasi ileile itasoma 81. Wengi huovakloki wakati wa baridi na kushangaa mashine inapoganda kaskazi ikiingia. Fanya hesabu mapema: chukua tofauti yako, jumlisha 34, na jibu lisivuke 80. Kwa i5-2500K Intel imeweka kikomo cha nyuzi 98, na ikifika hapo inajipunguza kasi yenyewe. Hizo 18 za katikati ni akiba ya siku feni inapojaa vumbi nawe una kazi ya watu mkononi.

Sasa ingia BIOS kwa kubonyeza Del wakati inawaka. Rudisha kila kitu kwenye mipangilio ya kiwandani kwanza. Acha BCLK, ile kasi ya msingi, kwenye 100. Kwenye vizazi hivi inavuta pamoja nayo njia za diski na kadi, na ukiigusa utaleta matatizo usiyoyatafuta. RAM pia iache kama ilivyo. Unachogusa ni viwili tu: kizidishio na volti za prosesa.

Rudi kwenye maandishi yako uone prosesa ilitumia volti ngapi ilipokuwa na mzigo. Tuseme 1.20. Ziandike hizo kwa mkono badala ya Auto, kwa sababu Auto hupenda kumwaga volti nyingi kuliko zinazohitajika. Panapoandikwa CPU Ratio weka 38, hifadhi, washa. Endesha Prime95 dakika kumi na tano huku ukitazama joto. Ikitulia, nenda 40. Kisha 41, 42, moja moja.

Skrini ya bluu, kuganda, au Prime95 kusimamisha mojawapo ya kazi zake ni ishara moja: volti hazitoshi kwa kasi hiyo. Ongeza 0.02 ujaribu tena. Kwa Bagamoyo mimi huweka ukuta kwenye 1.30. Watu wa nchi za baridi huenda juu zaidi, waache.

Sababu ya kuogopa volti ni hii. Joto hupanda sambamba na kasi, lakini kwa volti hupanda kwa mraba. Kutoka 1.20 hadi 1.30 peke yake ni joto la ziada la asilimia 17. Changanya na kasi kutoka gigahezi 3.4 hadi 4.2, unapata karibu asilimia 45. Ndiyo maana ukifika 4.2 na mashine imetulia, jaribu kushusha volti kwa 0.01 mara kadhaa. Kila hatua inayokubalika ni joto ulilookoa bila kupoteza kasi.

Na 4.2 inatosha. i5-2500K ikifanya kazi kwa viini vyote vinne hukimbia 3.4 kiwandani, kwa hiyo video iliyokuwa ikirenda saa nzima itakaribia dakika 49. Kwa mwanafunzi wa chuo cha sanaa cha TaSUBa mwenye onyesho la kuwasilisha kesho asubuhi, hizo dakika kumi na moja kwa kila saa ni usingizi. Kufukuzia 4.6 chini ya bati kutakupa kelele za feni na joto la chumba, na nyongeza ndogo.

Jaribio la mwisho lifanye saa nane mchana, siku ya jua, saa mbili mfululizo. Prime95 inachemsha kuliko kazi ya kawaida, kwa hiyo ikipita hapo, kuhariri video na muziki hakutaisumbua.

Mazabodi nyingi za enzi hiyo zina sehemu ya kuhifadhi profaili ndani ya BIOS. Tengeneza mbili. Moja iite KUSI, ya Juni hadi Septemba, yenye kasi yako kamili. Nyingine KASKAZI, ya Desemba hadi Machi, yenye kizidishio pungufu kwa mbili na volti pungufu kidogo. Kubadilisha ni dakika moja, na hutumii kasi ya Julai kwenye joto la Februari.

Ikigoma kuwaka kabisa, usiogope. Chomoa umeme, toa betri ndogo ya CR2032 kwenye mazabodi, subiri dakika tano, irudishe. Mipangilio inafutika na mashine inaanza upya. Betri yenyewe kama ni ya tangu 2011, weka mpya hapohapo, la sivyo mipangilio yako inaweza kupotea kila umeme unapokatika.

Angalia na LUKU. Wati 40 za ziada kwa saa sita za kazi nzito kila siku ni karibu uniti 7 kwa mwezi. Kama uko kwenye kundi la bei nafuu la wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, zihesabu. EIST na C1E ziache zimewashwa ndani ya BIOS ili prosesa ipunguze mwendo yenyewe usipokuwa na kazi.

Kila baada ya miezi mitatu fungua ubavu, piga brashi, rudia kipimo cha ile tofauti. Ikiwa ilikuwa 45 na sasa ni 52, vumbi limerudi au feni imechoka. Ukisafisha na isishuke, badilisha pesti. Bado haishuki, shusha kizidishio kwa moja mpaka upate feni mpya.