Gari Linaposita Barabarani: Tutafute Chanzo Kabla ya Kununua Vipuri



Magari mengi yanayotoa huduma katika kata zetu ni ya siku nyingi. Ndiyo yanayopeleka mazao gulioni, wagonjwa kituo cha afya na abiria stendi. Miongoni mwa matatizo yanayowasumbua wamiliki wake, lipo moja linalomaliza fedha bila kupata ufumbuzi, nalo ni injini kusita mara kwa mara. Dereva hukanyaga mafuta, gari likashtuka au kukosa nguvu kwa sekunde chache, kisha likaendelea na safari kana kwamba halikuwa na hitilafu. Likifikishwa gereji hunguruma vizuri, na fundi hana cha kuona.

Hapo ndipo kubahatisha huanza. Leo hununuliwa pampu ya mafuta, wiki ijayo plagi, mwezi ujao koili, na gari bado linasita. Fedha hupotea, na uhai pia huwekwa rehani, kwa maana gari likipoteza nguvu wakati linalipita lori mlimani, sekunde mbili zinatosha kuleta msiba. Makala hii inaeleza namna mwenye gari anavyoweza kumsaidia fundi kupata chanzo, kwa kuwa yeye ndiye shahidi wa tatizo linalojitokeza fundi asipokuwapo.

Injini inahitaji nini?

Injini ya petroli huhitaji mambo matatu: mafuta, hewa, na cheche inayotokea kwa wakati wake. Injini inaposita, mara nyingi mojawapo ya hayo limepungua au limekosekana kwa muda mfupi. Kifaa kilichokufa kabisa ni rahisi kukigundua. Kilicho kigumu ni kile kilichoanza kuchoka, ambacho hushindwa kazi pale tu kinapobanwa na joto, unyevu, mtikisiko au mzigo. Kwa sababu hiyo swali la kwanza ni hili: gari linasita wakati gani?

Weka daftari dogo ndani ya gari. Kila tatizo linapotokea, simama mahali salama kisha andika mambo haya: injini ilikuwa ya baridi au ya moto, gari lilikuwa tambarare, mlimani au limesimama, kiasi cha mafuta kilichokuwamo tenkini, hali ya hewa, na kama kiyoyozi kilikuwa kinafanya kazi. Matukio matano au sita yakiandikwa kwa uaminifu, mara nyingi picha huanza kuonekana.

Kusoma dalili

Dalili ya mvua ni mawingu, na injini nayo ina mawingu yake.

1. Husita asubuhi, hutulia ikipata moto. Chunguza kitambuzi cha joto la maji ya injini, plagi zilizochakaa, na mipira ya hewa iliyopasuka. Mpira uliopasuka huingiza hewa isiyopimwa, na athari yake huonekana zaidi gari likiwa sailensi kuliko likiwa kwenye mwendo.

2. Husita au huzimika ikiwa ya moto, kisha huwaka tena baada ya kupoa. Washukiwa wakuu ni koili, kitambuzi cha mzunguko wa injini na pampu ya mafuta. Waya mwembamba ndani ya kifaa hutanuka kwa joto na kukatika, kisha hugusana tena kikipoa.

3. Hukosa nguvu mlimani au inapopakia mzigo. Huenda chujio la mafuta limeziba, pampu imechoka, au cheche ni dhaifu. Bomba la moshi lililoziba kwa ndani nalo huleta dalili hii.

4. Husita wakati wa mvua au baada ya kuoshwa. Angalia waya za plagi, koili na kifuniko cha disitributa. Magari mengi ya Toyota Corolla 110 yaliyoenea nchini hutumia disitributa, na ufa mdogo katika kifuniko chake hutosha kuupotosha umeme unapoingia unyevu.

5. Husita baada ya kujaza mafuta au tenki linapokaribia kuisha. Maji au uchafu waweza kuwa umeingia. Kumbuka pia kuwa pampu iliyomo ndani ya tenki hupozwa na petroli. Mazoea ya kutembea na mafuta kidogo hufupisha maisha yake.

6. Husita kwenye mashimo na makorongo. Tafuta soketi ya waya iliyolegea, kichwa cha betri kisichokazwa, au waya wa ethi uliooza.

Anza na kisicho na gharama

Kabla ya kununua chochote, safisha na ukaze vichwa vya betri, kagua chujio la hewa, na tazama mipira yote. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, injini ikiunguruma, kipimo huwa takriban kati ya volti 13.5 na 14.5. Kisha fundi afungue plagi. Rangi ya kahawia hafifu au kijivu ni njema. Masizi meusi makavu huashiria mafuta mengi kuliko hewa. Weupe uliokithiri huashiria joto kali au mafuta pungufu.

Gari lenye koili juu ya kila plagi lina kipimo kisicho na gharama: fundi hubadilishana koili mbili za silinda tofauti. Hitilafu ikihama pamoja na koili, mhalifu amepatikana.

Endapo taa ya injini imewaka, gari lipimwe kwa mashine. Namba P0301, kwa mfano, husema silinda ya kwanza haichomi mafuta ipasavyo. Haisemi ni kifaa gani kimeharibika: chaweza kuwa plagi, koili, nozeli au hata vali. Namba huonyesha mtaa. Nyumba hutafutwa kwa vipimo. Kwa upande wa mafuta, fundi atumie geji ya presha gari likiwa katika hali ileile linayosita, kwa kuwa pampu dhaifu yaweza kupima vizuri ikiwa baridi.

Unapofika gereji

Mpe fundi daftari lako, na muende pamoja barabarani kulijaribu gari. Muulize ni kipimo gani kimemfanya aseme kifaa fulani ni kibovu. Badilisheni kifaa kimoja kwa wakati, kisha mjaribu tena. Dai kifaa cha zamani na risiti. Mafundi waliojifunzia kazi mtaani wanahimizwa kutumia utaratibu wa VETA wa kurasimisha ujuzi, ili stadi zao zitambuliwe kwa cheti.

Tahadhari

Usishike waya za plagi injini ikiwaka, kwani umeme wake hufikia maelfu ya volti. Usifungue mfumo wa mafuta karibu na moto au sigara, wala usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa moshi wake huua. Taa ya injini ikipepesa, punguza mwendo na usimame mapema. Mafuta yasiyoungua huharibu kichujio cha moshi kwa joto kali.

Na hadi chanzo kitakapopatikana, usilipite gari jingine mlimani wala konani, na usipakie abiria kwa safari ndefu. Iwapo gari litazimika, litoe kando ya barabara, washa taa za tahadhari na uweke pembetatu. Gari linalosita limekwisha kutoa taarifa. Ni wajibu wetu kuisikiliza mapema, kwa usalama wetu na wa wale tunaowabeba.