Punje Nyeupe Kwenye Nyama ya Nguruwe: Vidokezo kwa Wapishi wa Katoyi, Goma

1. Angalia kabla ya kulipa. Mwombe muuzaji akate mnofu mbele yako, usione haya. Vifuko vyeupe vyenye maji, vikubwa kuliko punje ya mchele, ni watoto wa tegu. Ulimi uangalie kwanza. Ukiona hata kimoja, iache nyama yote. Kuchomoa vinavyoonekana hakusaidii, vingine vimejificha ndani ya mnofu.

2. Tafuta muhuri wa daktari wa mifugo. Nguruwe aliyechinjwa nyuma ya nyumba mkesha wa sikukuu hakukaguliwa na mtu.

3. Kata vipande vidogo, pika mpaka ndani pasibaki wekundu. Mishikaki ya barabarani ndiyo hutuponza: nje imekauka, ndani bado ina damu. Irudishwe kwenye makaa! Chumvi na moshi usivitegemee. Friza huua tegu ikikaa kwenye -15°C siku 3 mfululizo; umeme ukikatika katikati, hesabu imeharibika.

4. Hiki ndicho ninachotaka kifike kila nyumba. Nyama isiyoiva humpa mtu tegu tumboni, lakini kifafa kinacholetwa na tegu kina njia nyingine. Mwenye tegu hutoa mayai chooni; mayai hushika mikono, maji na mboga, na yakimezwa, vifuko huweza kuota mpaka ubongoni. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe kabisa huugua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba pale ambapo ugonjwa huu wa tegu umezoeleka na nguruwe huzurura kati ya watu, takriban 30% ya kifafa hutokana nao. Kwetu Goma kuchimba choo kwenye mwamba wa lava ni kazi ngumu, vyoo vingi havina kina, na mvua ikinyesha hufurika. Basi sabuni iwe karibu na choo na karibu na mbabula. Nyanya na vitunguu vya kuliwa vibichi vioshwe kwa maji safi. Nguruwe afungiwe, asifike chooni. Na jirani anayeanguka kifafa hajarogwa, tafadhali. Apelekwe kituo cha afya.

5. Ukiona vipande vyeupe bapa kwenye choo kikubwa, usikimbilie kununua vidonge dukani. Dawa ya prazikwanteli huua tegu, ila kwa mwenye vifuko ubongoni inaweza kuamsha degedege. Mweleze muuguzi kwanza kama umewahi kuanguka au kuumwa sana kichwa.